Sakafu ya Ersilia

Tulipomwosha, mimi na Bi Mwanaidi wa Pangani,
tulifika magotini tukanyamaza.
Ngozi pale ilikuwa ngumu kama soli,
nyeusi kidogo, imekunjamana.
Bi Mwanaidi akapitisha kitambaa mara mbili, polepole:
"Wengine sijida huwa usoni. Huyu yake ilishuka."

Ilishukia sakafu ya baba.
Dorino, fundi wa terazo,
aliyemimina vijiwe vyeupe na vyekundu
kwenye korido za mabenki ya mjini,
akavisaga kwa maji hadi vikang'aa.
Ya kwetu, nyuma ya gereji, aliimimina kwa mabaki:
kijani cha ofisi ya bima, kijivu cha posta,
chumba kizima viraka, kama kanzu ya maskini.
Yeye aliijua kwa mkono.
Mama aliijua kwa goti.

Saa kumi na moja, kabla ya king'ora cha kiwanda,
nilimsikia akisali rozari kwa lugha ya milima yao,
ambayo hata Waitaliano wenzake waliicheka.
Hiyo ilikuwa ya Mungu.
Sisi tuligombezwa kwa Kiswahili:
"We Bruna! Kuja hapa! Viatu yako iko wapi?"
Ngeli zilimshinda hadi kaburini.
Lakini sokoni Ngara alijua bei ya sukuma,
na mtoto yupi wa muuzaji ana surua,
na yupi karudishwa nyumbani kwa karo.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa.
Yakaja mahindi ya njano, ya msaada,
mji ukanung'unika:
yananuka, ni chakula cha mifugo.
Mama alipanga foleni tangu alfajiri.
Miaka thelathini na miwili hakuwa ameuona unga ule,
rangi ile ile ya sufuria ya bibi yake.
Usiku akasonga kwa mwiko mrefu,
akaumwaga juu ya ubao, akaukata kwa uzi,
akacheka peke yake, mashavu yamelowa mvuke.
Kisha, dirishani, akamsikia mtoto wa Nyaguthii
akililia ugali mweupe.
Akaweka uzi chini.

Jumamosi akaenda kuungama.
Alinisimulia baada ya miaka, akimenya viazi:
"Nikamwambia padre, mimi nimefurahi mwaka ya njaa."
Akasemaje?
"Akauliza, ilikuwa tamu?"
Ukamjibu nini?
"Tamu sana. Ndiyo maana ni dhambi."

Sitamfanya mtakatifu.
Nilipoolewa na Tawfiq kwa msajili
hakuja.
Miaka mitatu hakukanyaga kwangu.
Kaka yangu Livio aliniambia jina langu halikutoka kwenye sala zake,
liko kati ya marehemu na wasafiri,
lakini mlango ulikuwa na komeo.
Siku niliyojifungua alitokea wodini bila hodi,
kikapu mkononi, supu ya kuku ndani ya chupa ya chai,
akampima mtoto kwa macho, akasema, "Konda."
Msamaha hakuomba.
Alifua nepi siku arobaini,
na aliyekuwa upande wa pili wa kamba,
akimpokeza vibanio kimoja kimoja,
ni Bi Mwanaidi, mama wa Tawfiq.
Waligombana juu ya chumvi, juu ya uji,
juu ya nani atamwimbia mtoto.
Juu ya Mungu, hata siku moja.

Sasa nyumba imeuzwa. Mnunuzi anataka vigae.
Nimeinama kando ya kitanda chake
kutafuta vishimo viwili.
Hakuna. Terazo ya baba haikubali.
Labda pale, kati ya kijani na kijivu,
pamefifia kidogo, au ni macho yangu.
Nimepiga magoti kupima.
Ni baridi.
Hata fungu moja la rozari sijamaliza,
na tayari yanauma.